Askari wa Farasi Katika Ghala la Kahawa

Mvua ya Meru haina adabu, wewe mwenyewe unaijua. Juzi ilinishukia karibu na soko, nikiwa nimetoka Embu asubuhi ile kwa shughuli za shamba la marehemu baba, ikabidi nikimbilie hoteli ya kwanza niliyoiona. Nikaagiza chai na mandazi, nikaikamua leso yangu mlangoni, nikaketi. Juu ya friji ya soda palikuwa na runinga, na ndani ya runinga palikuwa na farasi.

Walikuwa wengi, wakija mbio bondeni, vumbi likitimka. Mbele yao kulikuwa na kijana aliyeshika bendera, na kando yake mwingine aliyepuliza tarumbeta ambayo hakuna aliyeisikia kwa kuwa sauti ilikuwa imezimwa. Vijana wa bodaboda waliojikinga mvua pamoja nami walikuwa wameinamia simu zao. Mimi nilijikuta nimekunja ngumi chini ya meza, muuguzi mstaafu mzima, nyanya wa watu, nikiwahimiza askari wa farasi wafike haraka. Mhudumu alikuja na birika. "Shosho, nikuongezee chai?" Nikamwambia angoje kwanza wafike. "Nani wafike?" akauliza, akageuka kutazama mlangoni.

Ningeanzia wapi? Lakini wewe nitakueleza, kwa kuwa wewe una subira, na kwa kuwa nadhani nawe ulikuwa na sinema zako.

Kwetu ni upande wa juu wa Imenti, mahali ambapo kahawa inaanza kuiachia chai nafasi. Bondeni, kando ya mto, palikuwa na kiwanda cha kahawa cha chama cha wakulima, na harufu ya maganda yaliyochacha ilipanda mpaka darasani mwetu. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru kahawa ndiyo iliyokuwa kila kitu. Ilitusomesha, ilitulisha na kutuvika sare, na msimu wake ulipokwisha, magunia yakishachukuliwa na lori, ghala la kiwanda lilibaki tupu, limefagiliwa, linanukia katani na vumbi. Hapo ndipo alipokuja mzee wa bucha.

Alikuwa Mwislamu wa Meru mjini, mnene, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Siku za kawaida aliuza nyama. Jumamosi za baada ya msimu alipakia projekta na jenereta kwenye pikapu ileile iliyobebea nyama, akazunguka vijijini, na watu walisema alikuwa akifika hata Embu. Kwetu alionyesha sinema mchana, saa nane hivi, kwa sababu wazazi hawakutaka watoto wao njiani gizani. Tulimsaidia kuziba madirisha ya ghala kwa magunia. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya magunia, ukatutia madoa mgongoni, na hakuna aliyejali.

Kiingilio kilikuwa yai. Mzee wa bucha alilitingisha kila yai sikioni mwake kabla ya kulipokea, na likisikika limeharibika alikurudishia mbele ya watu wote, "Hili nalo lina kifaranga, mpeleke nyumbani kwa mama yake." Kuku wa nyanya yangu ndio walionisomesha sinema, na nadhani nyanya alijua, maana alikuwa na macho makali na hakuwahi kuuliza kwa nini Jumamosi kiota kilikuwa kitupu.

Turubai ya kuonyeshea ilikuwa shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, na mshono wake ulipita katikati kutoka upande mmoja hadi mwingine. Farasi wote walioishi katika utoto wangu waliruka huo mshono. Mpaka leo nikiona farasi kwenye runinga namwona amepungukiwa na kitu.

Sinema alizokuwa nazo zilikuwa chache, na karibu zote zilikuwa za askari wa farasi wa Amerika. Kulikuwa na ngome ya magogo yaliyochongwa ncha. Kulikuwa na kapteni mwenye mvi aliyekaribia kustaafu, sajini mzee aliyependa kinywaji, na afisa kijana aliyetoka shule na kudhani anajua kila kitu. Kulikuwa na mwanamke dirishani, anangoja. Halafu kulikuwa na watu wa mlimani, wenye nywele ndefu, waliojitokeza juu ya kilima wamejipanga kimya kabisa, na hapo ndipo wadogo walipojificha nyuma ya wakubwa.

Kiingereza cha watu wale hakuna aliyekielewa, hata mwalimu wetu, ingawa aliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo mzee wa bucha alisimama kando ya shuka na kutusimulia kwa Kimeru na Kiswahili, na kwa kuwa naye hakukielewa, alijitungia. Tena alitunga kama mtu wa bucha. Kapteni akinyoosha mkono kuelekea mlimani, mzee wa bucha alinguruma, "Acheni nyama motoni, pandeni farasi! Tutakula tukirudi!" Sajini akikunja uso, ni kwa sababu amepewa shingo badala ya paja. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na bado tuliamini kila neno.

Na tarumbeta, rafiki yangu! Ngome imezingirwa, risasi zimekwisha, mwanamke wa dirishani ameinamisha kichwa, halafu kwa mbali, nyuma ya kilima, ile sauti. Ghala lote lilisimama. Watoto walipiga makelele mpaka mabati yakatikisika. Mpaka leo sijui furaha nyingine iliyonijia safi namna ile, na nimeolewa, nikazaa, nikaona watoto wangu wakimaliza shule.

Mwisho wa kila onyesho mzee wa bucha alikuwa na zawadi yake. Projekta yake ilikuwa na swichi ya kurudisha nyuma, naye aliturudishia kipande cha mwisho kinyumenyume. Farasi walikimbia kwa makalio, moshi ukarudi ndani ya bunduki, kofia iliyoanguka ikaruka juu ikamvaa mwenyewe. Tulitoka nje tukiwa tumelegea kwa kicheko, jua likituchoma macho, na wengine wakienda kinyumenyume hadi barabarani.

Wiki nzima iliyofuata tulicheza hiyo sinema. Hatukuwa tumewahi kumgusa farasi. Tulikuwa na punda wa kubeba maji, naye hakutaka kupandwa. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu kule Timau alituambia farasi hulala amesimama, tukambishia. Farasi wetu walikuwa matawi ya mikahawa yaliyopogolewa, na tarumbeta yetu ilikuwa kikonyo cha jani la boga, kile chenye uwazi ndani. Unakikata vizuri, unakipasua kidogo upande mmoja, unapuliza, kinatoa mlio wa kukwaruza unaofika ng'ambo ya bonde. Mwalimu alipotushika tukicheza hivyo hakutuchapa. Alianza kutupanga mstarini kwa mlio wa boga, na hakuna darasa lililoingia ndani kwa utaratibu kama letu. Ubishi mkubwa ulikuwa kuhusu rangi ya sare za askari, kwa kuwa sinema hazikuwa na rangi. Wavulana walisema ni kaki, kama za askari kanga wa chifu. Mwalimu alisema ni buluu, na tulimwonea huruma kwa kutojua kwake.

Wavulana wakubwa ndio waliokuwa askari, bila shaka. Sisi wasichana tulifanywa watu wa mlimani, na kazi yetu ilikuwa kuteremka tukipiga kelele halafu tufe. Nilikufa mara nyingi sana katika darasa la tatu. Nilijifunza kubingirika kwenye majani bila kuchafua gauni, nikawa hodari wa kufa, lakini roho yangu ilikuwa kwenye lile boga. Niliomba nipewe kupuliza, nikaambiwa mtu wa mlimani hana tarumbeta.

Jioni moja nilikuwa nikimsimulia mdogo wangu haya yote jikoni kwa nyanya, nyanya mwenyewe akiponda mukimo wa ndizi na mahindi. Nilimweleza jinsi watu wa mlimani wanavyokaa msituni, wanavyoteremka kwa siri, na jinsi ngome ilivyozungushiwa miti iliyochongwa. Mchi wa nyanya ukasimama.

"Miti iliyochongwa," akasema. "Na handaki je?"

Nikasema handaki sikuliona. Akaendelea kuponda, na sikufikiri zaidi.

Hapa inabidi nikuambie jambo ambalo kwetu lilijulikana na kila mtu na halikutajwa na yeyote. Baba alikuwa na ndugu aliyemtangulia, baba yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyanya. Wakati wa Hali ya Hatari aliingia msituni kupigana na mkoloni, upande wa mlima, pamoja na vijana wengine wa kwetu. Nyanya na wengine wote walihamishwa wakapelekwa kwenye kijiji kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha, wakilindwa na askari kutwa kucha. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Uhuru ulipokuja na baadhi ya watu wa msituni wakatoka, wamefuga nywele hadi mabegani, nyanya alikwenda uwanjani Meru akawatazama uso kwa uso, mmoja mmoja. Hakumwona. Aliwauliza. Mmoja alisema alimwacha mzima, mwingine alisema alisikia amepigwa risasi karibu na mto. Hakuna aliyesema amemwona akianguka.

Kwa hiyo nyanya alingoja. Alingoja kwa vitendo. Kila jioni akishapakua chakula alijaza kibuyu kidogo kilichokatwa nusu, akakifunika kwa jani la mgomba, akakiweka juu ya dari ya kuni. Asubuhi tulikula sisi, kimepoa na kinanuka moshi, na kilikuwa kitamu kuliko cha jana yake. Halafu kulikuwa na kipande cha shamba. Babu alipokuwa karibu kufa alisema sehemu ya chini, inayopakana na mto, ni ya mtoto wake wa kwanza. Nyanya hakuruhusu mtu aweke jembe pale. Ardhi nzuri nyeusi, na ilikuwa imejaa nyasi na maua ya porini.

Mwaka ule kamati ya ardhi ilikuwa ikipita kijiji kwa kijiji, ikipima mashamba na kuandikisha wenyewe. Baba alikuwa na hofu. Shamba lisilo na mtu wala zao lingeweza kudaiwa na mwingine, na majirani walikuwa wameanza kulitupia macho. Kila Jumapili baada ya kanisa alimwendea nyanya na maneno yaleyale.

"Mama, wamefika ng'ambo ya mto. Niruhusu nikiandikishe kile kipande kwa wanangu, nipande kahawa."

"Kina mwenyewe."

"Mwenyewe ameenda, mama."

"Nani alimwona?"

Baba alivaa kofia yake akatoka, na nyanya akapuliza moto hata kama ulikuwa unawaka. Sisi watoto tuliwaogopa wote wawili siku za Jumapili. Kama kisingeandikwa, kipande kingepotea, na kama kingeandikwa jina lingine, basi nyanya angekuwa amemzika mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo alivyoliona, na nadhani aliliona sawa.

Sasa, kabla ya farasi, mzee wa bucha alikuwa analazimika kuonyesha sinema fupi ya serikali kuhusu kuchuma kahawa iliyoiva vizuri. Siku moja katika sinema hiyo alitokea jirani yetu, yule mama wa chini ya barabara, na kikapu chake kiunoni, anachuma. Alikuwa amepigwa picha na maafisa wa kilimo akasahau. Ghala lilipasuka kwa makelele. Habari ilifika kwa nyanya kabla hatujafika nyumbani, na jirani mwenyewe akaja kuthibitisha, akizungusha kichwa kuonyesha jinsi alivyogeuka katika picha.

Nyanya alimsikiliza, akamwaga maji ya kunawa, akaniita kando.

"Hao watu wa mlimani," akaniuliza, "ile mashine inaonyesha nyuso zao?"

"Inaonyesha, nyanya."

"Zote?"

"Wakikaribia, zote."

Sikuelewa alichokuwa akiuliza. Leo naelewa. Kama mashine ilimnasa jirani shambani mwake bila yeye kujua, na kama ilikuwa imekwenda pia msituni, mlimani, mahali pa watu wenye nywele ndefu na ngome za miti iliyochongwa, basi huenda ilikuwa imemnasa na mtu wake.

Jumamosi iliyofuata alivaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akachukua yai kutoka kiotani kwa mkono wake mwenyewe, akanifuata. Baba alitutazama tukishuka kiwandani, akaacha alichokuwa akifanya akatufuata kwa mbali. Mzee wa bucha alimpokea kwa heshima, "Muga, mama!", na yai lake hakulitingisha. Alimwekea gunia mbele kabisa.

Jirani alipita na kikapu chake, watu wakapiga makofi, nyanya akaitikia kwa kichwa, kama anayehakikisha jambo. Halafu farasi wakaanza. Ilikuwa sinema ninayoipenda kuliko zote, ile ya ngome inayoishiwa na maji. Watu wa mlimani walipojitokeza kilimani nyanya aliinuka, akaenda hadi kwenye shuka, akasimama hapo na shingo ameinyoosha.

"Mama, keti," mzee wa bucha akamwambia kwa upole. "Kichwa chako kimekuwa mlima, askari watapandia wapi?"

Watu wakacheka. Nyanya hakugeuka. "Nangoja wakaribie," akasema.

Walikaribia. Tarumbeta ililia, ghala likasimama, watoto wakapiga makelele, na mimi nilipiga pamoja nao, siwezi kukudanganya. Askari walivuka mshono wa shuka kwa kishindo. Watu wa mlimani walianza kuanguka, mmoja huku, mwingine kule, na mzee wa bucha akinguruma, "Wamekwisha! Wote wamekwisha!"

"Simamisha!"

Hakuna mtu aliyewahi kusema neno hilo katika ghala lile. Mzee wa bucha alizima mashine. Jenereta likaendelea kuguruma nje, na ndani kulikuwa na zile nukta za mwanga wa magunia tu.

"Umesema wamekwisha," nyanya akasema. "Umewaona? Umewapita haraka. Nataka kuwaona walioanguka."

Sisi watoto tulitazamana, lakini wakubwa walitazama chini, na nikamwona baba karibu na mlango, kofia mkononi. Kila mtu mzima katika ghala lile alijua ni nani anayetafutwa.

Mzee wa bucha alikuja mpaka karibu naye. Wakati huu hakunguruma. "Mama, hawa si wa kwetu. Ni wa nchi nyingine, mbali, ng'ambo ya bahari. Tena ni mchezo. Wakishaanguka wanaamka, wanajifuta vumbi, wanakwenda kula."

"Jirani yangu alikuwa humo, na yeye si wa nchi nyingine."

Mzee wa bucha alikuwa na maneno ya kila farasi na kila kapteni, na hapo yalimwishia.

"Basi warudishe," nyanya akasema. "Polepole."

Akawarudisha. Mtoto mmoja alianza kucheka kwa mazoea, mama yake akamziba mdomo. Kwenye shuka moshi ulirudi ndani ya bunduki. Aliyelala kifudifudi akainuka kutoka mavumbini, akaruka juu ya farasi. Mwingine akainuka, na mwingine. Walisimama wote, wazima, nywele zao zikipepea kwa mbele, na walipokuwa wakipita karibu nyanya alitazama kila uso kama alivyotazama zile za uwanjani Meru. Halafu farasi wao wakawachukua kinyumenyume, wakapanda kilima, wakawa wadogo, wakazama nyuma ya kilele. Filamu ikaisha, shuka ikabaki nyeupe tupu na mshono wake.

Nyanya akasema, si kwa sauti kubwa, lakini tulisikia sote, "Hayumo." Akakunja pembe ya kitambaa chake, akajifuta uso. "Na hata wakiinuka, mnaona? Wanarudi kulekule. Hakuna anayekuja upande huu."

Mzee wa bucha hakuonyesha sinema nyingine siku ile. Alitaka kumrudishia nyanya yai lake, na nyanya akakataa, akasema ameona alichokuja kuona.

Tulipanda mlima sisi watatu, nyanya, baba na mimi. Jioni nyanya alipika maharagwe ya njahi na ndizi, akapakua, na kila mtu akapata sahani yake. Nilisubiri achukue kile kibuyu. Alikwangua sufuria yote, akagawa kilichobaki kwetu sisi watoto, akaigeuza sufuria chini. Mama yangu alitoka nje akajifanya anaita kuku. Kisha nyanya akamwambia baba, bila kuinua macho kutoka motoni, "Kesho nenda kwenye kamati. Kiandikishe. Pandeni kahawa."

Ungedhani baba angefurahi. Alikuwa ameliomba neno hilo Jumapili baada ya Jumapili. Alisema tu, "Sawa, mama," na asubuhi alichukua panga akateremka mtoni kufyeka nyasi. Jua lilipopanda mama alinituma nimpelekee uji. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi zilezile, hajafyeka hata unyasi, panga limelala kando, na baba yangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipovunjika mguu, alikuwa analia waziwazi. Aliponiona hakujificha.

"Nilikuwa nambishia kila wiki," akasema, "kwa sababu nilijua hatakubali." Akapokea uji, hakuunywa. "Sasa nani atamngoja?"

Nilikuwa mtoto, sikujua swali hilo linaulizwa nani. Nilimsubiri mpaka akainuka, tukapanda nyumbani pamoja na panga safi. Alikwenda kwenye kamati, ndiyo, na kipande kikaandikwa pamoja na shamba lote kwa jina lake, hakikupotea. Lakini kahawa hakupanda. Mwaka ule alisema miche imekosekana. Mwaka uliofuata alisema ng'ombe wanahitaji nyasi. Aliendelea kuwa na sababu mpaka watu wakaacha kumuuliza, mpaka nyanya akafa, mpaka mimi nikaenda kusomea uuguzi nikaolewa Embu, na kila nilipokuja nyumbani nyasi zilikuwa palepale, zimekwenda juu.

Siku hizi ghala la kahawa ni gereji ya tuktuk. Mikahawa mingi iling'olewa bei ilipoanguka, na malori yanayopita sasa yamebeba ndizi kutoka Mitunguu. Mzee wa bucha alifariki zamani, na sijapata mtu wa kuniambia projekta yake iliishia wapi. Wajukuu wangu niliwafundisha kupuliza kikonyo cha boga, wakakipuliza mara moja, wakanirudishia kwa adabu. Siwalaumu. Wana sinema mfukoni, kila mmoja yake, na kila mmoja anacheka peke yake. Ninachokikosa ni lile ghala lote kusimama kwa pamoja. Na nitakuambia ukweli, zile sinema bado nazipenda. Najua sasa walioanguka walikuwa akina nani, nimesoma, nimejua nani alichukua mlima wa nani. Tarumbeta ikilia bado nakunja ngumi, halafu nawatafuta wale wa mlimani, nawatazama nyuso mpaka wapite. Mambo hayo mawili yanakaa ndani yangu na hayajawahi kupatana.

Mvua ilipokatika nililipa chai nikapanda nyumbani. Kesho yake asubuhi kaka zangu walikuwa tayari shambani na mpima ardhi, kijana mstaarabu, mwenye buti za mpira na mashine ya miguu mitatu. Tulikuwa tumekubaliana kugawana, kila mtu achukue chake, kwa kuwa baba hayupo na sisi nasi tumezeeka. Kijana alipima juu, akapima katikati, akapigilia vigingi, hakukuwa na ugomvi. Akateremka mpaka mtoni, akasimama kwenye nyasi zilizomfika kiunoni.

"Na hiki cha huku chini, shosho, ni cha nani? Sioni kimelimwa."

"Ni cha baba yetu mkubwa," nikasema.

"Sawa. Ako wapi, aje aonyeshwe mpaka wake?"

Kaka zangu walitazama mto. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, na nilikuwa na majibu mengi ya mtu mzima, ya muuguzi aliyewafunika wafu wengi kwa mikono yake. Nilifungua mdomo nichague moja.

"Hajarudi," nikasema.

Kijana aliitikia kwa kichwa, akakizunguka kile kipande bila kupiga kigingi, na kati ya kaka zangu hakuna aliyenisahihisha.